Wati Tano Juu ya Kilima

 

Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina kilima, kipande cha waya, betri ya pikipiki na mtu mmoja anayezungumza peke yake mahali pasipo na mtu. Ukimwona kwa mbali utadhani amepagawa. Kumbe anaongea na mwenzake aliye mamia ya kilomita kutoka hapo, na hajanunua vocha hata ya shilingi mia.

Ninyi mnaokaa Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, mnalijua tayari nusu ya jambo hili, na hamkufundishwa na mtu. Simu ikigoma bondeni mnafanyaje? Mnapanda. Kila kijiji kina mahali pake pa kutafutia mtandao: kwenye jiwe fulani, chini ya mwembe fulani, au ukingoni mwa uwanja wa shule. Mtu anasogea hatua tatu, anainua simu juu ya kichwa, na ujumbe uliotumwa tangu jana unaingia wote kwa mpigo. Walio Manyovu na Mabamba, karibu kabisa na mpaka, wanajua na kituko kingine. Ukifika juu, simu inaweza kudaka mnara wa Burundi, na saa yake ikarudi nyuma saa nzima, maana wenzetu wa Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtu anaweza kuachwa na basi kwa sababu ya kilima!

Sasa tuulizane: kilima kina nini? Hakina umeme, hakina mashine, ni udongo na mawe tu. Kwa nini simu ileile, betri ileile, iwe bubu bondeni na iseme juu?

Mawimbi ya redio yako ya aina nyingi, na kila aina ina tabia yake. Mawimbi mafupi sana, kama yale ya simu, ya redio za FM na ya zile redio za mkononi wanazobeba walinzi, hupenda kwenda moja kwa moja. Yakikuta kilima mbele yao, safari yao kwa sehemu kubwa inaishia hapo. Na hata kama hakuna kilima, kuna dunia yenyewe. Dunia ni mviringo, kwa hiyo ardhi huinama polepole mbele yako, na wimbi linalokwenda moja kwa moja huishia kupita juu ya kichwa cha yule unayemtafuta.

Kuna hesabu ndogo hapa, na mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kipeuo cha pili ataiweza. Chukua urefu wa mahali ulipo kwa mita, ukihesabu kutoka nchi inayokuzunguka. Tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu utakalopata ni kilomita ambazo wimbi lako litafika kabla dunia haijalificha. Tuanze na mtu aliyesimama tambarare, ameshika redio kwenye urefu wa mita 1.5. Kipeuo cha pili cha 1.5 ni kama 1.22, zidisha kwa 4.12 unapata kilomita 5. Basi. Kilomita tano!

Mpandishe mtu huyohuyo kwenye kilima kilichoinuka mita 250 juu ya nchi iliyo chini yake. Kipeuo cha pili cha 250 ni kama 15.8, zidisha, unapata kilomita 65. Redio ni ileile na betri ni ileile, lakini umetoka kilomita 5 ukafika 65, na hukuongeza hata wati moja. Halafu mweke mwenzake juu ya kilima kingine cha urefu huohuo, naye ana kilomita zake 65 za kuja kukutana naye. Jumla ni 130. Na kutoka mji wa Kibondo hadi mji wa Kasulu, kwa mstari ulionyooka na si kwa barabara, ni kama kilomita 130. Katikati lipo bonde la Mto Malagarasi. Lipo pia jambo la kuangaliwa kwenye ramani kabla ya kujisifu: kama kuna kilima kingine kirefu kimejichomeka njiani, hesabu yote inaharibika.

Kama mnadhani mambo haya ya kuongea hewani ni mageni huku kwenu, waulizeni babu na bibi zenu habari za miaka ya 1990. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, vita vikawaka, na watu wakavuka mpaka kwa maelfu kuingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Simu za mkononi huku zilikuwa bado. Mashirika ya misaada yaliendesha kazi kwa simu ya upepo: magari meupe yenye antena ndefu iliyofungwa mbele kwenye bampa, na ofisini chumba cha redio chenye mtu wa zamu. Gari likiondoka, dereva anataja alipo na anakokwenda. Likichelewa kusikika, mtu wa zamu anaanza kuliita.

Waliotumia redio hizo walikuwa na namna yao ya kutaja majina. Hewani kuna mkwaruzo, na herufi B, D na P zikipita kwenye mkwaruzo husikika karibu sawa. Kwa hiyo kila herufi ina neno lake, na maneno hayo ni yaleyale duniani kote, kwa marubani, kwa mabaharia na kwa askari. Kibondo hutajwa hivi: Kilo, India, Bravo, Oscar, November, Delta, Oscar. Kasulu nawaachia wenyewe. Nawapa msaada kidogo: A ni Alfa, S ni Sierra, U ni Uniform, L ni Lima. Semeni kwa sauti, na msikimbie kimbie. Hewani anayekimbia haeleweki.

Redio zile zilikuwa za kazi. Zipo nyingine za watu wanaofanya kwa kupenda tu, ndizo tunazoita redio za ridhaa. Wenye nazo hawalipwi, hawatangazi biashara, hawapigi muziki wala kusoma taarifa ya habari. Wanafanya mtihani, wanapewa leseni, na kila mmoja anapewa jina lake la wito ambalo hakuna mwingine duniani analo. Mwanzo wa jina hilo unaonyesha nchi. Ukisikia 5H, hiyo ni Tanzania. Kenya ni 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni 9Q. Mtu wa Kasulu akiwa na redio nzuri, majirani wote hao wako karibu naye kuliko Dar es Salaam, ambayo iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka.

Na habari ya redio na vilima ni ya zamani, karibu sawa na redio yenyewe. Desemba 1901 Mwitaliano Guglielmo Marconi alikuwa juu ya kilima kiitwacho Signal Hill, kule Newfoundland, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Alitaka kunasa mawimbi yaliyorushwa kutoka Uingereza, umbali wa kilomita kama 3,400. Kilima peke yake aliona hakitoshi. Akafunga waya kwenye tiara, ndiyo, tiara hii mnayorusha ninyi, akaipandisha kwenye upepo mkali wa baridi ili waya upate kimo. Akasema amesikia vidoti vitatu, yaani herufi S. Wataalamu wengine mpaka leo wanabisha kama kweli alisikia au alisikia mkwaruzo tu. Mimi simo katika ubishi huo. Ninachopenda ni ile tiara.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake. Mwaka 1947 msafara mkubwa uliteremka Mombasa ukiongozwa na Attilio Gatti, msafiri mzaliwa wa Italia. Udhamini na redio vilitoka kwa Hallicrafters, kiwanda cha redio cha Chicago, na safari ilipewa jina la Milima ya Mwezi, yaani Rwenzori, milima ile ya mpakani mwa Uganda na Kongo ambayo kilele chake kirefu kina mita 5,109. Ndani ya msafara walikuwamo vijana wawili Wamarekani wa redio za ridhaa, Bob Leo na Bill Snyder. Walirusha mawimbi kutoka Kenya, Tanganyika na Uganda, na watu waliokaa na redio zao Marekani na Ulaya walikesha wakiwatafuta. Jina la wito la Tanganyika siku hizo lilianza na VQ3. Hii 5H imekuja baada ya uhuru.

Lakini redio zao, jamani! Zilijaa ndani ya trela zima lililokokotwa na lori, zikilishwa na jenereta. Trela la namna hiyo halipandi kilele. Lile lilikuwa tangazo la kiwanda lililovaa nguo za safari, ingawa vijana wale wawili walifanya kazi ya kweli.

Miaka zaidi ya 50 ikapita, redio zikapungua uzito hadi kuingia kwenye mkoba wa shule, na ndipo Mwingereza John Linford akabuni mchezo ambao leo unachezwa katika nchi nyingi. Unaitwa Summits on the Air, kwa kifupi SOTA, na ulianza rasmi tarehe 2 Machi 2002. Sheria zake zinanifurahisha kwa sababu zinamzuia mwenye fedha asimpite mwenye miguu. Kilima kwanza kisiwe kichuguu: sehemu nyingi hutaka kiwe kimeinuka angalau mita 150 kuliko nchi iliyo kati yake na kilima kingine. Mwendo wa mwisho hadi kileleni usiwe wa gari wala pikipiki. Vifaa vyote ubebe. Jenereta ya mafuta ni marufuku; tumia betri au sola. Ukifika, ujiweke ndani ya mita 25 za kimo kutoka kilele, na ili upate alama lazima uongee na vituo visivyopungua vinne. Kilima kifupi kina alama 1, kirefu kabisa kina 10. Anayefikisha alama 1,000 za kupanda anapewa cheo cha Mbuzi wa Milimani. Cheo hicho, kwa mtu wa Buhigwe, si matusi.

Aliyebaki nyumbani naye hakuachwa. Anayemjibu mtu wa kileleni anapata alama pia, na akifikisha 1,000 ana cheo chake, cha mnyama mmoja mvivu wa Amerika ya Kusini anayeshinda akining'inia mtini.

Sasa tuseme umekua, umefaulu mtihani, leseni unayo, na umechagua kilima upande wa Heru Juu, kule kwenye nchi ya juu ya Kasulu yalikokuwa makao ya Mwami wa Heru. Mmoja wa watawala wake, Mwami Theresa Ntare, alikuwa mwanamke, na alitawala huko enzi za Waingereza. Wazee wale hawakuwa wajinga kukaa juu. Aliye juu huona anayekuja.

Umechagua mwezi wa Julai. Mvua zimekatika, nyasi zimekauka, na kwa kuwa watu wanachoma moto mashamba, hewa imejaa moshi na vumbi. Vilima vya mbali huvioni kabisa. Usihuzunike, moshi huzuia macho yako, ila mawimbi ya redio yanaupita kama haupo.

Bodaboda inakuacha chini, unapanda kwa miguu. Njiani unawaamkia watu, mwakeye, shikamoo, na kila mmoja anatazama mwanzi mrefu wa kuinulia antena ulioko begani mwako. Mzee mmoja atakuuliza tu, siwezi kukosea hapo: "Mwanangu, mnapima madini?" Mweleze kwa upole, kaa naye kidogo. Nitarudi kwenye jambo hili.

Juu kabisa unaanza na waya. Urefu wake haukisiwi, unahesabiwa. Gawanya 300 kwa masafa ya redio yako kwa megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 7.1, 300 ukigawa kwa 7.1 unapata mita 42 na kidogo. Antena rahisi ni nusu ya wimbi, yaani mita 21, na kwa kuwa mawimbi hutembea kwenye waya polepole kidogo kuliko hewani, unapunguza hadi kama mita 20. Zikate katikati: mita 10 kulia, mita 10 kushoto. Pale katikati unafunga kebo ya kushuka kwenye redio, na hapohapo ndipo unapofunga ncha ya mwanzi. Mwanzi unasimamishwa kwa kuufunga kwenye kisiki na kuubana na mawe. Zile ncha mbili za waya zinashuka kila moja upande wake, zinafungwa kwa kamba kwenye vichaka, na waya wenyewe usiguse majani. Watoto wanaochunga mbuzi watakuwa wamekuzunguka tayari. Mpe mmoja kazi ya kushika kamba, na mwingine kazi ya kuwazuia mbuzi wasiitafune.

Betri ni ya volti 12, kama ya pikipiki. Redio inatoa wati 5. Tazama taa ya LED iliyoandikwa 5W iliyoko sebuleni kwenu. Nguvu hiyohiyo inayoangaza chumba kimoja ndiyo unayotaka kuitumia kufika nchi nyingine.

Kwanza unasikiliza. Anayeanza kwa kupiga kelele hewani hana adabu, kwa sababu huenda wengine wanaongea papo hapo na hujawasikia. Pakiwa kimya unauliza kama masafa hayo yana mtu. Kimya bado. Ndipo unaita CQ mara tatu, maana yake nataka kuongea na yeyote anayenisikia, unataja jina lako la wito kwa herufi zilizotamkwa polepole, Five, Hotel, na zinazofuata, kisha unaachia kitufe.

Mkwaruzo. Unaita tena. Mkwaruzo. Halafu katikati ya mkwaruzo inatoka sauti ya mtu aliye Mwanza, nyembamba lakini safi, inataja jina lako na kukupa tarakimu mbili: "Five, nine." Ya kwanza, kati ya 1 na 5, inasema maneno yako yanaeleweka kiasi gani, ya pili, kati ya 1 na 9, inasema mawimbi yako yana nguvu kiasi gani. Umepewa alama zote. Nawe unampa zake, unaandika jina lake, na unaandika saa. Hapa angalieni vizuri. Kwetu ni saa nne asubuhi, kwenye simu imeandikwa 10:00, lakini daftari la redio hutumia saa moja ya dunia nzima, iitwayo UTC, kwa hiyo unaandika 07:00. Kwa jirani wa Burundi simu yake inasema 9:00. Mambo yote hayo ni dakika moja ileile. Mnaagana kwa kutaja 73, ambayo kwa watu wa redio ni salamu njema, na unatafuta wa pili, wa tatu, wa nne.

Kuna mjanja hapo nyuma amenyoosha mkono. Anasema: ulituambia mawimbi yakikuta kilima yanakwama, na dunia inayaficha baada ya kilomita 65. Mbona huyu wa Heru Juu ameongea na Mwanza, karibu kilomita 400?

Vizuri sana. Nilisema mawimbi mafupi sana. Haya ya megahezi 7 ni marefu, mita 42 kila moja, na tabia yao ni tofauti. Yanapanda juu, kilomita 200 au 300, mpaka kwenye tabaka la hewa ambalo jua limeligeuza likawa na umeme. Tabaka hilo huitwa ionosfea. Huko yanapindwa na kurudishwa chini, yakimwagika Mwanza, Bujumbura na Kampala bila kujali kuna milima mingapi katikati. Ndiyo maana redio za magari yale meupe ya miaka ya 1990 ziliweza kuitana kutoka bonde hadi bonde.

"Sasa kama ni hivyo, kwa nini tupande?" Naam, hata hilo nililitegemea. Mjini kila chaja ya simu, kila taa ya bei rahisi, kila mashine ya kusaga hutoa mkwaruzo wake, na mtu wa mbali anayerusha wati 5 anazama humo. Kilimani hakuna chaja. Halafu kwa masafa kama megahezi 14, ambayo jioni yanaweza kukufikisha Ulaya kwa wati zilezile 5, mteremko ulio mbele yako husaidia wimbi kutoka likiwa limelala chini, na wimbi lililolala hutua mbali. Na kwa redio ndogo ya mkononi ya megahezi 145 kilima ni kila kitu, hesabu yake tumeifanya. Sababu nyingine ni kwamba watu wanapenda tu kupanda. Nayo inatosha.

Nataka kuwaonyesha jambo moja ambalo watu wazima wengi hawaliamini. Kile kituo cha anga cha kimataifa, nyumba ya wanaanga inayoizunguka dunia, hupita mara kwa mara juu ya Kigoma. Kiko juu kama kilomita 400. Redio ndogo ya mkononi iliyo bondeni Kasulu haiwezi kumpata mtu wa Kibondo, kilomita 130 tu, lakini kituo hicho kikipita na kurusha kwenye megahezi 145.800, redio hiyohiyo inakisikia, kwa muda wa dakika kama 10 kabla hakijazama. Kati yako na mwanaanga hakuna kilima. Wanaanga huongea na wanafunzi wa shule kwa redio za ridhaa, kwa mpango maalumu, wakijibu maswali ya watoto mmoja baada ya mwingine.

Sasa yule mzee wa madini. Nilisema nitarudi kwake. Mkoa wa Kigoma uko mpakani, umekuwa na kambi za wakimbizi, na umewahi kusumbuliwa na majambazi wenye silaha. Mtu asiyejulikana aliye juu ya kilima na waya, betri na redio, akiongea lugha ya tarakimu, atatiliwa shaka, na wanaomtilia shaka wana haki. Leseni ya redio hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kurusha mawimbi bila leseni ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ukiwa nayo, ibebe. Kabla ya kupanda, pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, jieleze, na polisi nao wajue. Redio za mkononi zinauzwa madukani na mitandaoni kwa bei ya chini, na nyingi kati yake zinaweza kuingia kwenye masafa ya polisi au hospitali kwa kubonyeza vitufe viwili. Usiguse. Unaweza kumziba mdomo mtu anayeita gari la wagonjwa.

Na radi. Mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, na mawingu hayajui mpaka. Tangu Novemba hadi Aprili usiwe juu ya kilima na mwanzi na waya mchana mawingu yanapojikusanya. Redio yenyewe itakuonya kabla ya masikio: kwenye masafa kama yale ya megahezi 7 kila radi ya mbali husikika kama kishindo kikavu, krrk, krrk. Vishindo vikianza kukaribiana, chomoa kebo, laza mwanzi, shuka. Alama 1,000 za mbuzi zitasubiri.

Mnaweza kuanza lini? Kusikiliza, leo. Redio yoyote yenye masafa mafupi, yale yaliyoandikwa SW, usiku, ukiining'inizia waya wa mita chache dirishani, itakuletea nchi usizozijua. Kuongea, kwa asiye na leseni, kuna mlango huu: kukaa kando ya mwenye leseni, kwenye kituo chake, akusimamie. Maskauti duniani wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 1958 kwenye jamboree yao ya hewani, ambayo hufanyika kila mwaka wikiendi ya tatu ya Oktoba. Kama shuleni kwenu kuna skauti, mwendeeni kiongozi wenu mapema, mwezi wa Julai au Agosti, mumwombe awaandikie makao makuu ya Chama cha Skauti Tanzania, ili apatikane mwenye leseni wa kuja kukaa nanyi. Na mkipata jibu, chagueni kilima.